TAKA ZA MAFUTA ZITAKWENDA WAPI?

Maneno ya mazungumzo yaliyofanywa Rujewa, wilaya ya Mbarali, mbele ya wakulima, wafugaji na wenye mashine za kukoboa mpunga



Sisi ni watu wa visiwani, na hapana shaka wako kati yenu wanaojiuliza: watu wa bahari wana jambo gani la kuwaeleza watu wa bonde la mpunga khabari za mafuta? Suali hilo ni la haki, na twapenda kulijibu kabla hatujakwenda mbele.

Jawabu letu la kwanza ni kuwa mchele wenu tunaula. Mchele wa Mbeya unapikwa katika nyumba zetu kama unavyopikwa katika nyumba zenu. Jawabu la pili ni kuwa maji yenu ni maji yetu. Mto Mbarali unaopita hapa huingia katika Ruaha Mkuu. Ruaha hupita Ihefu, ukakata hifadhi ya wanyama, ukafika katika mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, kisha ukajiunga na Rufiji. Na Rufiji humwaga maji yake baharini, mkabala na kisiwa cha Mafia. Umeme unaowaka Unguja hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 1980. Basi kitu kikiharibika Igawa, hakiishii Igawa. Na jawabu la tatu ni kuwa watu wa visiwa katika bahari hii ya Hindi wamekwisha kuonja uchungu wa mafuta yaliyomwagika, nasi tumekuja na funzo lao.

Leo hatukuja kuzungumza namna ya kuyazuia mafuta yasimwagike, ijapokuwa hilo ni jambo kubwa. Hatukuja hata kuzungumza namna ya kuyakusanya. Tumekuja kuzungumza jambo ambalo husahauliwa na wakubwa na wadogo mpaka siku ya mwisho: yakishakusanywa, yatawekwa wapi? Ule udongo ulioloa, yale majani, yale magunia, yale maji machafu, ile mizoga ya samaki: vitu vyote hivyo vitakwenda wapi, vitachukuliwa na nani, na kwa gharama ya nani?

MAFUTA YANAPITA MLANGONI PENU

Pengine mtu atasema kuwa khatari hii ni ya watu wa bandarini. Haya na tutazame.

Mwezi wa Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia utawala wao, na njia ya mafuta ya Zambia iliyokuwa ikipita kusini ikafungika. Ndipo lilipojengwa bomba la TAZAMA, likafunguliwa mwaka 1968. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,710. Linaanzia Kigamboni, linapita Morogoro, Iringa na Mbeya, linavuka mpaka na kufika Ndola. Thuluthi mbili za mali hiyo ni za Zambia na thuluthi moja ni ya Tanzania. Kwa miaka mingi lilichukua mafuta ghafi ya kusafishwa Ndola. Tangu mwaka 2023 linachukua dizeli iliyokwisha kusafishwa. Bomba lililotiwa ardhini mwaka 1968 si kijana tena.

Mbali na bomba ipo barabara kuu ya TANZAM, ambayo usiku na mchana inapitisha malori ya mafuta yaendayo Zambia na Kongo. Ipo na reli ya TAZARA. Na barabara hiyo inavuka mito yenu mmoja baada ya mmoja: Mbarali pale Igawa, kisha Kimani, kisha Chimala. Kila mmoja wenu anajua kuwa chini ya daraja la Igawa liko banio, na kutoka katika banio maji huingia mfereji mkubwa, na kutoka mfereji mkubwa huingia mifereji midogo, na kutoka hapo huingia majaruba. Lori likipinduka darajani, mafuta hayahitaji kuonyeshwa njia. Njia mmeyachimbia wenyewe kwa ajili ya mpunga.

Tena mjue kuwa Ruaha wa leo si Ruaha wa wazee wetu. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka kwa wiki nyingi wakati wa kiangazi, huko chini ndani ya hifadhi. Mto wenye maji machache hauna nguvu ya kuyapunguza makali ya uchafu unaoingia ndani yake.

KILA PIPA LINA WATOTO WAKE

Sasa twafika katika kiini cha maneno yetu.

Mtu asiyejua hudhani kuwa mafuta yakimwagika pipa moja, taka zitakazokusanywa ni pipa moja. Mambo hayawi hivyo. Mafuta yakigusa udongo, udongo wote ule huwa taka. Yakigusa majani, majani huwa taka. Nguo, glavu, mabuti, mabeleshi, ndoo, magunia na turubali za watu waliofanya kazi, navyo vyote huwa taka. Wataalamu wa kazi hii duniani wamekwisha kuona kuwa taka zaweza kuzidi mafuta yaliyomwagika mara 10, na pengine hata mara 30.

Tarehe 12 Desemba 1999 meli iitwayo Erika ilikatika vipande viwili mbele ya pwani ya Ufaransa. Mafuta yaliyomwagika yalikuwa karibu na tani 20,000. Taka zilizokusanywa pwani zilipita tani 200,000. Ufaransa ni dola yenye viwanda, yenye malori na yenye fedha. Hata hivyo kuzisafisha taka hizo kulichukua miaka, wakati bahari yenyewe ilikwisha kurudi rangi yake. Mafuta ni msiba wa siku. Taka zake ni msiba wa miaka.

Na karibu zaidi nasi, tarehe 25 Julai 2020 meli ya Wakashio ilipanda mwamba huko Mauritius, na mwezi wa Agosti ikaanza kuvuja. Mafuta yaliyoingia baharini yalikuwa kiasi cha tani 1,000. Wananchi wa kisiwa kile hawakungoja amri. Walitoka kwa maelfu, wakajaza majani makavu ya miwa katika vitambaa, wakashona, wakafunga chupa tupu ili vielee, wakavitandaza baharini kuyazuia mafuta. Sisi twawasifu kwa moyo wao, na ulimwengu mzima uliwasifu. Lakini angalieni mwisho wa kila mfuko ule: ulipokwisha kunywa mafuta, ulikuwa wenyewe umekuwa taka nzito, inayodondoka, isiyofaa kuachwa pwani wala kutupwa jaani. Kila aliyeshona mfuko alimwachia mtu mwengine kazi ya kutafuta pa kuuweka.

Haya sasa tufanye hesabu ya hapa. Lori moja kubwa laweza kuchukua lita 35,000 za dizeli, yaani karibu na tani 30. Tuseme limepinduka na lote limemwagika, na taka zikawa mara 10 tu. Hizo ni tani 300. Kwa lori la tani 10, hizo ni safari 30. Na tuulize: safari ya kwanza, saa ya kwanza, dereva ataambiwa aelekee wapi?

Ikiwa hapana aliyekwisha kupanga, jawabu twalijua. Atakwenda kwenye shimo lililo karibu: shimo la kifusi lililoachwa na wajenzi wa barabara, au korongo, au ukingo wa mfereji wa zamani, au uwanja wa mtu asiye na sauti. Yatafukiwa kwa udongo kidogo, watu watapigwa picha, na khabari itatangazwa kuwa kazi imekwisha. Mvua za kwanza zitakapokuja, mafuta yatatoka tena.

Majirani zetu wa Kenya wanaijua khabari hii. Mwaka 2015 mafuta ya bomba litokalo Mombasa yalivuja huko Thange, katika kaunti ya Makueni, yakaingia mtoni na ndani ya ardhi. Watu waliokuwa wakimwagilia mashamba yao kwa mto huo waliyakosa maji ya kunywa, ya mifugo na ya bustani. Wakaenda mahkamani, na ni mwaka 2025, baada ya miaka 10, ndipo mahkama ilipoamua kuwa walipwe fidia. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule alikuwa amekwisha kuwa kijana. Msiba ule haukuwa wa siku moja, na sababu ni kuwa mafuta yakishaingia katika udongo na visima, udongo wenyewe ndio umekuwa taka.

MPANGO UWE NA NINI?

Sisi si watu wa kulalamika bila ya kusema lifanywe nini. Mpango wa taka una mambo matano, na hakuna hata moja ambalo mkulima wa Usangu hawezi kulifahamu.

Jambo la kwanza ni kutenganisha. Nyinyi hamchanganyi mbegu na pumba. Basi na taka za mafuta zisichanganywe. Mafuta yaliyochotwa pamoja na maji yakae peke yake, kwa sababu yakitulia katika tangi mafuta hupanda juu na maji hukaa chini, na mafuta hayo yaweza kuokolewa. Udongo ulioloa ukae peke yake. Majani na mabua yakae peke yake. Nguo, glavu na magunia yakae peke yao. Mizoga ikae peke yake, na isicheleweshwe, kwa kuwa huoza. Kila fungu lina dawa yake. Yakishachanganywa, yote huwa fungu moja lisilo na dawa, na gharama yake ni ile ya baya kuliko yote. Kutenganisha ni kazi ya saa ya kwanza, pale pale kazi inapofanywa, mkononi mwa mwenye beleshi. Afisa akija baada ya siku 3 hawezi kuutoa mchanga katika magunia.

Jambo la pili ni mahali. Hapa twahitaji mahali pa namna tatu. Papo mahali padogo karibu na kazi, pa kuweka taka kwa siku chache. Papo mahali pakubwa zaidi pa kuzikusanya zote na kuzihesabu, kwa wiki au miezi. Na papo mahali pa mwisho, ambapo zitasafishwa au zitazikwa kwa sheria. Zile namna mbili za mwanzo ni lazima zichaguliwe leo, mchana mkavu, kwa kutembea kwa miguu. Pawe juu ya mahali ambapo mafuriko ya masika hufika. Pawe mbali na mto, na mfereji, na kisima, na shule, na josho la mifugo. Lori liweze kuingia na kutoka hata wakati wa mvua. Na mwenye ardhi awe amekubali kwa maandishi.

Na hapa yatupasa kusema neno khasa kwa ajili ya nchi yenu. Huku Usangu muna udongo mweusi wa mbuga. Ukiloa hunata, na mtu huweza kudhani kuwa haupitishi kitu. Lakini nyote mwajua kuwa kiangazi kikiingia hupasuka nyufa ambazo mguu wa ndama huzama. Dizeli ni nyepesi, hupenya. Shimo lililochimbwa katika udongo huo bila ya kutandikwa turubali nzito la plastiki ni mlango wa kwenda kwenye visima. Kwa hivyo shimo la muda litandikwe, lizungushiwe tuta, na juu lifunikwe. Wengi hukumbuka kutandika chini na husahau kufunika juu. Mvua ikijaza shimo, maji huyanyanyua mafuta, yakafurika juu ya tuta, na kazi yote ikaanza upya, safari hii na maji mengi kuliko mafuta.

Jambo la tatu ni kupunguza. Taka iliyo rahisi kuliko zote ni ile ambayo haikutengenezwa. Asichimbe mtu udongo safi kwa pupa ya kuonekana anafanya kazi. Tani isiyochimbwa haihitaji lori wala shimo. Pumba za mpunga mnazo kwa milima nyuma ya mashine zenu, na ni kweli kuwa pumba zanyonya mafuta. Zimejaribiwa katika nchi nyingi na zinafaa. Lakini zitumiwe pale mafuta yalipo, kwa kiasi, na ziwe ndani ya magunia yanayoweza kuopolewa. Pumba zikimwagwa ovyo mferejini zitashuka na maji mpaka majarubani, zikiwa zimebeba mafuta yale yale. Tena watu wa kazi wasipite kutoka upande mchafu kuingia upande safi bila ya kuvua na kuosha, kwani mabuti ya mtu mmoja yanaweza kuichafua njia nzima. Na maji ya kuoshea nayo ni taka: yachotwe, yasimwagwe.

Jambo la nne ni daftari. Kila mzigo unaoondoka uandikwe: ni kitu gani, kiasi gani, umetoka wapi, umechukuliwa na lori gani, dereva nani, unakwenda wapi. Karatasi iwe na nakala tatu: moja kwa aliyetoa, moja kwa aliyechukua, moja kwa aliyepokea. Aliyepokea atie sahihi na airudishe. Lori likitoka na tani 10 likafika na tani 6, tani 4 ziko njiani katika korongo la mtu, na daftari ndilo litakalosema. Wako watakaoona kuwa haya ni mambo ya makarani. Lakini siku ya kudai fidia, mwenye daftari husikilizwa, na asiye na daftari huambiwa alete ushahidi.

Jambo la tano ni mwisho wa taka. Mafuta yaliyookolewa yarudishwe kwa mwenyewe ayasafishe. Udongo ulioingia dizeli waweza kutandazwa mahali palipotengwa, kwa unene usiozidi kama shubiri moja, ukalimwa mara kwa mara, ukatiwa maji na mbolea, na vijidudu vilivyomo ardhini vikayala mafuta kidogo kidogo kwa miezi mingi. Hii ni kazi ambayo mkulima anaiweza, lakini lazima ipimwe na wataalamu, na pasipandwe kitu cha kuliwa mpaka vipimo viseme. Udongo mwengine huchanganywa na chokaa ili mafuta yashikwe yasitembee. Majani na nguo zilizoloa, katika nchi nyingi huchomwa katika tanuri za saruji, ambamo moto hupita digrii 1,400. Kiwanda cha saruji kiko Songwe, safari isiyofika siku moja kutoka hapa. Hatusemi kuwa kiwanda hicho kimekubali, wala kuwa kina ruhusa. Twasema kuwa wakati wa kukiuliza ni sasa, na wakati wa kukiombea kibali kwa wenye mamlaka ya mazingira ni sasa. Barua inayoandikwa siku ya msiba hujibiwa baada ya mazishi.

Na mambo mawili hayafai kabisa: kuchoma ovyo uwanjani, na kufukia kimya kimya. La kwanza huzitia taka katika vifua vya watoto, na la pili huzitia katika visima vya wajukuu.

NENO LA TAHADHARI

Kabla hatujaendelea, twaomba vijana watusikilize vizuri. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, katika barabara hii hii. Watu walikimbilia na madumu. Moto ulipowaka, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Mafuta yaliyomwagika si sadaka. Hakuna dumu lenye thamani ya roho, na mpango wowote wa taka ni lazima uanze kwa kuwaweka watu mbali mpaka wanaojua waseme kuwa pana salama. Na aliyechota akayapeleka nyumbani ameigeuza nyumba yake kuwa ghala la taka za khatari, karibu na jiko.

NANI ALIPE, NANI AAMUE?

Sasa lipo suali la serikali, na sisi hatuogopi kulisema. Wenye madaraka watatwambia: mpango upo. Nasi twajibu: hewaa, twafurahi kusikia, basi na usomwe hapa. Mpango uliofungiwa katika kabati la Dar es Salaam, ulioandikwa kwa lugha ambayo mwenye banio hawezi kuisoma, huo ni fimbo ya mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyoka akija, atakayekuwa karibu ni mkulima, na mlinzi wa mfereji, na mwenyekiti wa kijiji, na mwenye trekta.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekubali kanuni kuwa aliyechafua ndiye alipe. Sheria hiyo imezitia taka za khatari chini ya vibali, na imezipa serikali za mitaa kazi ya kusimamia taka katika maeneo yao. Maneno hayo ni mazuri. Lakini kanuni ya kuwa mchafuzi alipe haina meno ikiwa hapana aliyehesabu. Tena mchafuzi kulipa si sawasawa na mchafuzi kuchagua. Mwenye lori au mwenye bomba alipe gharama, lakini asipewe yeye peke yake kuamua kuwa taka zitalala katika kijiji fulani kwa sababu kijiji hicho ni cha maskini. Mahali pachaguliwe na wenyeji wakisaidiwa na wataalamu, na paandikwe, na pajulikane na wote.

Kwa sababu hiyo twawashauri ndugu zetu wa Rujewa, Igawa, Ubaruku, Chimala na vijiji vyote vya mifereji, mpeleke mbele ya Halmashauri yenu ya Wilaya madai haya, kwa heshima lakini kwa sauti isiyotetemeka:

Kwanza, yatajwe kwa majina mahali pa kuweka taka kwa muda, angalau pamoja karibu na kila daraja kubwa la barabara kuu, na pawe pamekwisha kupimwa kabla ya masika.

Pili, ziwekwe karibu akiba ya vitu: turubali za plastiki, magunia, mapipa yenye vifuniko, mabeleshi, glavu na mabuti, na funguo za ghala hilo ziwe kwa mtu anayeishi hapa.

Tatu, wafundishwe walinzi wa mabanio namna ya kufunga maji ya mfereji mara tu khabari inapofika. Banio lililofungwa kwa wakati litapunguza taka kuliko malori 20 yatakayokuja kesho yake.

Nne, yafanywe mapatano ya maandishi na wenye malori, wenye matrekta, na viwanda vitakavyopokea taka, bei ikijulikana mapema, maana bei ya siku ya msiba ni bei ya mnyang'anyi.

Tano, kila mwaka mara moja yafanywe majaribio mbele ya watu wote, kama mtu anavyojaribu mashine ya maji kabla ya msimu. Na daftari la majaribio lisomwe hadharani.

Je, haya ni mengi? Ni kidogo mno ukiyalinganisha na msimu mmoja wa mpunga. Hayahitaji fedha nyingi kuliko yanavyohitaji watu kukaa pamoja na kukubaliana. Kwa hakika sehemu iliyo ngumu kuliko zote ni ile ya kukubaliana wapi, kwa kuwa hapana kijiji kitakachopenda kusema: leteni kwetu. Lakini mazungumzo hayo yakifanywa leo, yatafanywa na watu walioketi, wanaosikilizana, wenye ramani mbele yao. Yakiachwa mpaka siku yenyewe, yatafanywa na watu waliosimama, wenye khofu, huku injini za malori zikinguruma.

Wazee wetu walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mafuta nayo hayazoleki yote, hata kwa dola kubwa. Lakini yale yatakayozolewa, tani kwa tani, ni lazima yawe na pa kwenda. Sisi tutarudi visiwani kwetu, na huko nako tutayasema maneno haya haya, kwa sababu huko nako bandari ziko, meli za mafuta zinashusha, na mashimo ya kutupia taka ni machache kuliko huku. Nyinyi mkitangulia kuandika mpango wenu, tutakuja kuunakili bila ya haya.

Halmashauri iko hapa hapa Rujewa. Pelekeni suali lenu wiki hii, nalo ni fupi: taka zitakwenda wapi?